Mambo ya Nyumbani: Ua Gani Tupande Ili Ndege Warudi?



Masika ya mwaka huu yalipoanza tulipata barua ya kijana mmoja wa Kariakoo, ambaye kwa adabu yake alituomba tusimtaje jina wala mtaa. Alisema kwamba nyumba ya marehemu babu yao itavunjwa. Warithi wamekwisha kupatana, na mahali pake patajengwa ghorofa yenye fremu za maduka chini. Kwa hilo hakuwa na ubishi. Lililomkera ni ua wa mihina ulioko nyuma ya nyumba ile, uliopandwa na bibi yake kabla yeye hajazaliwa. Bibi hakusema neno lolote juu ya nyumba, lakini kila asubuhi alichukua kigoda chake, akaketi mbele ya ile mihina, akawasikiliza shorewanda. Kijana akauliza: ndege hao watakwenda wapi? Na mtu akaaye ghorofa ya nne, kama yeye alivyo sasa, aweza kupanda nini ili ndege wamjie?

Tulimjibu siku ile ile kwa simu, kwa sababu gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi, na kinda la ndege halingoji mwezi. Lakini twaona kuwa swali lake si lake peke yake. Nyumba nyingi za mji huu zimo katika hali hiyo hiyo, na wenye nyumba hawajapata wa kumwuliza.

Kariakoo, kama wengi wajuavyo, ilipata jina lake kwa ile kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, yaani Carrier Corps, iliyokuwapo hapo zama za Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye pakawa mji wa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani, penye jiko na bomba na miti miwili mitatu. Huyu alikuwa na mpapai, yule mwarobaini, na nyumba yenye mabinti haikukosa mhina. Hapana aliyepanda miti ile kwa ajili ya ndege. Ilipandwa kwa ajili ya tunda, na dawa, na kivuli, na mikono ya bibi harusi. Ndege walikuja wenyewe, wakala katika baraka ile bila kualikwa. Siku hizi kiwanja kina thamani kubwa, hujengwa mpaka kwenye ncha yake ya mwisho, na uani pamekuwa ghala ya marobota. Hatusemi haya kwa kulaumu. Warithi kumi na wawili hawawezi kuishi kwa mpapai mmoja. Lakini yafaa mtu ajue ni nini alichokiondoa, ili akitaka kukirudisha ajue pa kuanzia.

Wako wasemao kwamba ndege wangali tele mjini, na wao huwasikia tangu alfajiri. Ni kweli, lakini aghlabu wamsikiao ni kunguru. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, kwa nia njema kabisa ya kusafisha taka za mji. Taka hakuzimaliza, alizaana, akavuka bahari, akaenea Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe, sasa ni nadra kuonekana katikati ya mji. Huyu mgeni hula chochote, na miongoni mwa avipendavyo ni mayai na makinda ya ndege wadogo. Huko Unguja walipunguzwa sana kwa mitego na sumu katika miaka ya 1990, lakini kazi ilipolegea wakaongezeka tena. Basi mtu atakaye ndege wadogo nyumbani kwake ajue kwamba jambo la kwanza si mti. Jambo la kwanza ni mfuniko wa pipa la taka. Jirani na soko kubwa kama letu, kila ganda la ndizi na kila utumbo wa samaki uachwao wazi ni mshahara wa kunguru.

La pili ni maficho, na hapa twataka tukiri kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, siku tatu kabla ya Idd, tulishika mkasi wa bustani tukaunyoa ua wetu mpaka ukanyooka kama ukuta uliopakwa chokaa. Tulijiona mafundi. Katikati yake mlikuwa na kiota cha shorewanda chenye makinda matatu, wala hatukukiona mpaka tulipokwisha kuyaondoa majani yaliyokifunika. Tuliyaokota matawi tuliyoyakata, tukayafunga kwa kamba juu ya kiota. Tulipotoka kusali alasiri, kunguru wawili walikuwa juu ya ukuta na kiota kilikuwa kitupu. Mama yao alilia hata jua likatua, akienda na kurudi na mdudu mdomoni. Watoto wetu walituuliza ni nani aliyewaua, nasi tukasema ni kunguru. Mkubwa wao alitutazama tu, asiseme neno.

Imepokewa kwa Ibn Masud, katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, ya kwamba maswahaba walikuwa safarini wakayachukua makinda mawili ya ndege, na mama yao akaja akipigapiga mabawa; Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemsikitisha ndege yule kwa ajili ya wanawe, akaamuru arudishiwe. Sisi siku ile hatukuwa na cha kurudisha. Tangu hapo hatukati tawi kabla ya kuchungulia ndani.

Sasa tuje kwenye miti yenyewe. Ndege mdogo wa mjini ahitaji pa kujificha, cha kula, na maji, na vizuri avipate karibu karibu, kwa kuwa kila arukapo mahali peupe huonekana na adui zake. Ndiyo maana ua mnene humfaa kuliko mti mmoja mrefu uliosimama peke yake. Mti mrefu ni mnara wa kunguru.

Mhina twauweka mbele ya yote, wala si kwa ajili ya harusi. Hustahimili jua na udongo duni, hukubali kukatwa na kuchipua tena, na ukizeeka matawi yake huwa na ncha kali mfano wa miiba, hata paka husita kupenya. Maua yake ni madogo, meupe au ya rangi ya maziwa, yenye harufu nzuri, na harufu ile huvuta nyuki na wadudu wengi. Watu hudhani kwamba ndege alaye matunda hana haja ya wadudu. Mwangalie shorewanda, yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia: yeye hudonoa papai lako mchana kutwa, lakini akiwa na makinda utamwona na panzi na viwavi. Makinda hayakui kwa papai tupu. Basi mhina humpa nyumba na nyama pamoja. Wenye kuchuma majani wachume nje na juu, na moyo wa mti wauache umefungika.

Mchongoma wafaa penye nafasi kubwa, kama kando ya msikiti, madrasa, shule au makaburi. Methali yake kila mtu aijua, na paka aijua zaidi. Twasema juu ya ule wenye matunda madogo mekundu yanayokuwa meusi yakiiva, maana katika mji huu kila ua wenye miiba huitwa michongoma. Matunda yale huliwa na watoto na ndege kwa ushindani. Kadhalika mkunazi: miiba, kivuli, na kunazi tele, na majani yake kila nyumba ya Kiislamu yajua kazi yake siku ya msiba. Twashangaa kwamba misikiti mingi ya mjini hutuma watu mbali kutafuta majani ya mkunazi, ilhali pembe moja ya uwanja imeachwa kwa matofali yaliyovunjika.

Ama bogenvilia, ambayo sasa imetanda juu ya kuta za matajiri, ni nyumba nzuri isiyo na jiko. Ina miiba, ina unene, na ndege hujenga humo kwa furaha. Lakini ile rangi yake kubwa si maua, ni majani tu. Ua lenyewe ni dogo lililofichika katikati. Mwenye nayo asiing'oe, ila apande karibu yake kitu cha kuliwa. Asumini nao twaupenda kwa ajili yetu, si kwa ajili ya ndege. Ndege hawavai kikuba.

Yule kijana wa ghorofa ya nne tulimwambia habari ya mshubiri. Mshubiri hauhitaji shamba. Kopo kubwa lililotobolewa chini, mchanga kidogo, na dirisha lipatalo jua latosha. Ukisahau kuumwagilia wiki nzima hautakununia. Wakati wake ukifika hutoa shina lililosimama wima, lenye vikombe virefu vya maua ya rangi ya chungwa au manjano, na hapo ndipo ajapo chozi. Chozi ni yule mdogo sana mwenye mdomo mwembamba uliopinda, na dume lake hung'aa kama kitambaa cha hariri. Hunywa utamu wa maua yenye umbo la mrija, kisha hukamata buibui na wadudu. Wala hamwogopi sana mwanadamu. Kiota chake ni mfano wa mfuko unaoning'inia, wenye mlango ubavuni, na mara nyingi hukitundika karibu na nyumba za watu. Mwenye roshani pana aongeze mkomamanga katika nusu ya pipa. Maua yake mekundu humfaa chozi, na asipokuja, komamanga litakuja.

Iko mimea miwili ambayo hatuipendi katika nyumba yenye watoto, ingawa yote miwili huota upesi na hutumiwa sana kwa ua. Mmoja ni mnyaa: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kudhuru macho. Wa pili ni ule mti wenye majani membamba na maua ya manjano mfano wa kengele, ambao nao hutoa utomvu mweupe. Mbegu zake ni sumu ya moyo. Ukiwa tayari unao, waonyeshe watoto, uwakataze wasiiguse.

Tena tusipande kila kigeni kwa sababu ni kizuri. Ndege hupanda pia. Hula tunda hapa, akaidondosha mbegu kule, wala haombi ruhusa. Huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha kilimo na mimea mwaka 1902, uliletwa mti uitwao Maesopsis usiokuwa wa msitu ule. Hondohondo waliyapenda matunda yake, wakaieneza mbegu, na mti ukaingia ndani ya msitu wa asili, ukachukua mahali pa miti ya wenyewe. Kisa hicho na kisa cha kunguru ni ndugu: mwanadamu huanzisha kwa mkono mmoja, na mabawa yakamaliza. Mhina, mkunazi, mkomamanga na mshubiri pwani yetu imekwisha kuizoea tangu zamani. Hapo hatuna hofu.

Sasa habari ya kupanda. Tawi la mhina la urefu wa shibiri moja na kitu, lililokomaa kiasi cha unene wa kalamu, lichomekwe masika yaanzapo, nusu yake chini ya udongo. Kati ya tawi na tawi iwe kama shibiri mbili. Mwaka wa kwanza kata ncha za juu kila zinyanyukapo, ili mti utoe matawi chini. Hapa ndipo wengi wanapokosea: huuacha ua uende juu upesi, kisha chini pakawa wazi kama miguu ya meza, na paka akapita. Ukikua, uupunguze wakati wa kipupwe, kuanzia mwezi wa Juni hata Agosti, mvua zikiwa zimekwisha. Lakini ndege wa mji wa joto hawaifuati kalenda yetu kikamilifu, na shorewanda aweza kutaga hata wakati mwingine. Kwa hiyo uchungulie kwanza. Ukikuta mayai, toka kutagwa mpaka makinda kuruka ni kiasi cha mwezi mmoja. Mkasi hautaota kutu kwa mwezi mmoja.

Maji ni rahisi kuliko yote, nayo ndiyo yasahauliwayo. Weka kigae au sahani ya udongo, kina chake kisizidi kidole, karibu na ua lakini si ndani yake, ili paka asivizie. Yamwagwe na kubadilishwa kila siku bila kukosa. Mji wetu umeona homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wa homa ile huzaa katika maji kidogo yaliyotuama karibu na watu. Asiyeweza kubadilisha maji kila siku asiyaweke kabisa.

Tulipokuwa tukiyazungumza haya na jamaa, mmoja alisema kwamba ua mnene huleta nyoka. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata makombo na takataka. Fagia chini ya ua, wala usiufanye jaa. Mwingine akasema mbu hukaa katika majani. Hukaa, ndiyo, wakipumzika, lakini hawakuzaliwa huko. Tazama debe lililo nyuma ya choo. Mama mmoja akataja kinyesi cha ndege juu ya kanzu ya Ijumaa. Suala la tohara yake tunawaachia mashekhe. Sisi twasema kamba ya nguo isifungwe chini ya tawi.

Na ninyi vijana, hasa wenye manati: twajua kwamba lengo lililo hai lina raha kuliko kopo. Sisi pia tulikuwa watoto. Lakini mkubwa wa darasa aweza kufanya jambo jingine lenye kuhitaji jicho kali zaidi. Achukue daftari, akae kimya nusu saa asubuhi, aandike ni ndege wangapi waliokuja, wa namna gani, na walikula nini. Jumapili moja aende na wenzake Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, afanye vile vile huko, kisha apite Mnazi Mmoja akirudi nyumbani. Aziweke hesabu tatu pamoja: ya bustani, ya Mnazi Mmoja, na ya mtaa wake. Mwenye kutuletea daftari lake tutamchapia. Wala asione haya ikiwa hesabu ya mtaa wake ni kunguru watupu. Hiyo nayo ni habari. Anas bin Malik alikuwa na ndugu yake mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kidege, na kidege kilipokufa Mtume (s.a.w.) hakuona ni jambo dogo kumwuliza mtoto yule habari zake.

Msomaji mwingine atasema kuwa watu wana shida ya kodi na ada za shule, nasi twaandika habari za ndege. Twamjibu kwamba tawi la mhina hupatikana bure kwa jirani, na kopo lililotupwa halina bei. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba alichopanda Mwislamu, kikaliwa na mtu au mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Ni sadaka gani nyingine ambayo mtu asiye na shilingi aweza kuitoa akiwa amelala?

Tumengoja mpaka sasa kuyaandika haya kwa sababu tulitaka kwanza kuona mambo ya yule kijana yatakavyokwenda. Alipotazama ndani ya mihina ya bibi yake alikuta viota viwili, kimoja kikiwa na makinda. Akawaeleza ami zake. Walicheka, kisha wakakubali kungoja. Fundi naye alichelewa wiki tatu kwa mambo yake mwenyewe, kwa hiyo hatuwezi kujua ikiwa iliyoshinda ni hoja yetu au ni uzito wa fundi. Makinda yaliruka. Nyumba imevunjwa.

Kabla ya hapo alikata matawi 14, akayachomeka katika madebe kando ya ukuta wa madrasa anakosoma mdogo wake, kwa idhini ya mwalimu. Tisa yamechipua. Bibi amehamia Temeke kwa binti yake, naye alichukua debe moja, alilolichagua mwenyewe. Shorewanda hajaonekana bado katika madebe yale, nayo yangali mafupi mno. Lakini chozi amekuja mara mbili dirishani kwa kijana, kwenye mshubiri, mapema, kabla mikokoteni ya sokoni haijaanza kupita.